Hatua Kumi na Nne za Kuruka Maji

Jumatatu, 7 Oktoba

Daftari hili lilikuwa la maandalio ya somo la Jiografia, lakini kuanzia leo lina kazi nyingine. Barua imefika. Mwezi ujao, tarehe 21 hadi 23, wasomi wa vyuo mbalimbali wanafanya kongamano Karatu mjini kuhusu jinsi mwanamichezo anavyojifunza stadi na jinsi kocha anavyomfundisha. Mimi, Lukresia, mwalimu wa Jiografia na michezo kwenye sekondari yetu huku Endamarariek, nimealikwa kuwasilisha mada kwa dakika kumi na tano. Siku ya pili watakuja shuleni kuona onyesho kwa macho yao. Siku ya tatu ni matembezi ya kreta ya Ngorongoro. Emilian, mume wangu, amesoma ratiba akasema wasomi hawa walichagua siku ya tatu kwanza, halafu wakatafuta mada ya kuizungushia.

Barua ina ukurasa wa pili ambao sikumwonyesha. Kamati ya riadha imeamua kwamba kuanzia Desemba kocha asiye na cheti hatasimama uwanjani na mchezaji wake. Nina miaka ishirini na mbili ya kufundisha watoto kukimbia na sina cheti hata kimoja cha ukocha. Watu kama mimi tutapimwa hapo hapo kwenye kongamano, kwa mada na kwa onyesho. Nikishindwa, Dorkasi wangu atakabidhiwa Sylvesta, kocha wa mjini mwenye cheti.

Dorkasi yuko kidato cha tatu. Anakimbia mita elfu tatu za kuruka viunzi na maji, na sijaona msichana mwenye mapafu kama yake mkoa mzima. Ana tatizo moja tu. Akifika kwenye maji anasimama.

Alhamisi, 10 Oktoba

Mada inaitwa "Hatua Kumi na Nne za Kuruka Maji: Uzoefu wa Endamarariek." Nimeiandika kwa jioni mbili. Kila hatua nimeitoa kichwani mwangu mwenyewe, kuanzia ya kwanza, kulitazama gogo, hadi ya kumi na nne, kutoangalia nyuma. Dorkasi anazijua zote. Nikisimama pembeni ya shimo nikaita "tano", yeye anajua tano ni goti. Nimejisomea kwa sauti na ninakiri kwamba nimejipenda.

Shimo lenyewe tulilichimba kwa majembe mwaka juzi, mimi na kidato cha pili waliochelewa mstarini. Mbele yake kuna gogo la mgrevilia juu ya nguzo mbili, ndicho kiunzi chetu. Kwa sasa shimo halina maji, kwa hiyo Dorkasi anaruka vumbi. Nasema anaruka. Anasimama.

Ijumaa, 11 Oktoba

Amesimama mara saba.

Jumamosi, 19 Oktoba

Sylvesta amekuja kwa bodaboda, cheti chake kikiwa ndani ya plastiki na kuning'inia shingoni pamoja na filimbi. Nilimfundisha mwenyewe kidato cha kwanza hadi cha nne. Alikuwa mtupa mkuki na aliwahi kumpiga mbuzi wa padri. Ameniamkia kwa adabu zote, halafu akasimama nami shimoni kumtazama Dorkasi kama mtu anayekagua shamba analotaka kulinunua. Kwa mujibu wa kozi yake ya wiki mbili, kuruka maji kuna hatua ishirini na mbili. Nimemwuliza hizo nane za ziada ni zipi. Amesema nyingine ni za kupumua.

Dorkasi amesikiliza yote akaitika "Ndiyo Mwalimu," kama anavyoniitikia mimi "Ndiyo Madam" kwa kila ninalosema. Mtoto mwenye heshima sana. Hajawahi kunipinga tangu aanze shule.

Jumatano, 23 Oktoba

Hakuna mvua. Amesimama mara tisa. Nimeongeza hatua ya kumi na tano kwa majaribio.

Jumatatu, 28 Oktoba

Mvua. Njia yote ya kuja shuleni imekuwa tope jekundu linalovua watu viatu. Shimo limejaa hadi ukingoni, maji yana rangi ya chai ya maziwa. Emilian amefurahi kwa ajili ya maharage yake, mimi kwa ajili ya shimo, na kwa siku moja nyumba yetu imekuwa na amani.

Jioni Dorkasi alikuja kwa mbio nzuri kabisa. Nikamwitia namba zote. Alipofika kwenye gogo akasimama, akayatazama maji, akanitazama mimi, akasema samahani Madam.

Jumanne, 5 Novemba

Bata wanne wa jirani wamehamia shimoni. Wao wanaingia majini bila hatua yoyote. Mkuu wa shule, Mwalimu Clemensi, amepita akasema shimo lile linatia aibu na wageni wanakuja. Nimemwambia wageni wanalijia shimo. Ameguna.

Ijumaa, 8 Novemba

Leo naandika kwa urefu kwa sababu sijui nimweleze nani.

Saa kumi na moja jioni nilikuwa shimoni na Dorkasi. Alikuwa ameshasimama mara sita na sauti yangu ilikuwa imeanza kukwaruza. Ng'ombe wawili wa jirani yule yule wa bata wakaja kunywa maji. Nikaokota fimbo nikawafukuza hadi kwenye uzio wa minyaa, nikiwapa maneno ambayo mwalimu hapaswi kuyajua. Nyuma yangu nikasikia vishindo vya mbio, mguu ukagonga gogo, maji yakapasuka mara moja, kisha vishindo vikaendelea. Nikageuka. Dorkasi alikuwa ng'ambo ya shimo, amelowa mguu mmoja tu.

Nikamwambia arudie. Nikamwangalia, akasimama. Ng'ombe mmoja alikuwa amerudi, nikamfukuza tena, safari hii polepole na kwa makusudi, masikio yangu yote yakiwa nyuma. Mbio, gogo, maji, mbio.

Nilimkalisha kwenye majani nikamwuliza kuna nini. Akavuta uzi wa soksi. Nikamwahidi hatapata adhabu kwa jibu lolote. Mwishowe akasema, akiangalia chini.

"Madam, ukiniangalia nahesabu. Usiponiangalia naruka tu."

"Unahesabu nini?"

"Zile hatua. Gogo linafika nikiwa bado kwenye sita."

Nikamwuliza tangu lini. Tangu mwaka jana. Na kwa nini hakusema mwaka mzima? Alinitazama kana kwamba nimemwuliza kwa nini hakunipiga kofi. Nyumbani kwao, na hata kwetu nilivyolelewa, mtoto hamwambii mtu mzima aangalie pembeni. Mtu mzima akisema, unaitika. Nilijua hivyo siku zote, na bado kila "Ndiyo Madam" niliichukulia kuwa ameelewa.

Nimeumia. Miaka ishirini na mbili nimesimama pembeni ya watoto nikipaza sauti, na sijui ni wangapi waliofika mahali kwa sababu yangu na wangapi walifika nilipokuwa nashughulika na ng'ombe. Emilian aliniuliza mbona sili, nikamweleza. Akafikiri, akasema hata yeye akilima huku namwangalia, jembe linakwenda upande. Hilo halikunisaidia, lakini nimekula.

Jumapili, 10 Novemba

Nimepiga simu kuomba nibadilishe mada. Dk. Beatrice, katibu wa kongamano, amesema vitabu vimeshachapwa, niko ukurasa wa thelathini na moja, na mtu huwasilisha alichoandika.

Alhamisi, 14 Novemba

Siku ya tatu ya kufundisha kwa mgongo. Amekuja mara kumi na moja na hajasimama hata mara moja, kwa mujibu wa masikio. Sasa naijua milima ya Ngorongoro mmoja mmoja, maana ndiko ninakoangalia.

Alhamisi, 21 Novemba

Ratiba ilisema saa tatu kamili. Mgeni rasmi alifika saa sita na robo. Kabla hajafika hatukuweza kuanza, na alipofika hatukuweza kuanza pia, kwa sababu ilibidi kwanza tujitambulishe, watu sitini na mmoja, jina, cheo na unakotoka, na wengi walitoka mbali. Ikafuata kwaya, ikafuata hotuba. Mgeni rasmi alisema stadi ni muhimu kwa maendeleo, akaondoka na msafara wake na nusu ya sambusa.

Mzungumzaji mkuu alikuwa Profesa Sairowua, ambaye pia ndiye wa kusaini fomu yangu ya kupimwa ukocha. Ni Mmasai mrefu mwembamba, mzaliwa wa Nainokanoka huko juu Ngorongoro, mwenye miwani na sauti ya upole. Kwa dakika arobaini alieleza kwa nini mtu anayeufikiria mguu wake hujikwaa. Ana michoro. Amepima watu mia nne. Nilikaa mstari wa tatu nikimsikiliza akimsimulia Dorkasi bila kumjua, jasho likinidondoka hadi kwenye kitabu.

Zamu yangu ilifika saa kumi na moja, na zile dakika kumi na tano zilikuwa zimebaki nne. Sylvesta alikuwa mbele, amefungua ukurasa wa thelathini na moja. Nikawaambia ukurasa huo wausome siku wakikosa usingizi, kwa maana tarehe nane Novemba, kwa msaada wa ng'ombe, niligundua kuwa hatua zangu kumi na nne ndizo zilizokuwa zikimsimamisha mchezaji wangu. Ukumbi ukacheka. Dk. Beatrice hakucheka. Akauliza, "Kwa hiyo Mwalimu, mchezaji wako akifika kwenye maji, wewe kama kocha unafanya nini?"

"Nageuka," nikasema.

Wakacheka zaidi, na kengele ya muda ikalia. Nilipopita mezani nilimwona Dk. Beatrice akiandika neno moja fupi kwenye fomu yangu na kulipigia mstari. Sasa limebaki onyesho la kesho tu. Nalala hapa mjini kwa binamu yangu na nina hofu.

Ijumaa, 22 Novemba

Saa mbili asubuhi Mwalimu Clemensi akanipigia simu kwa furaha. Shule imependeza, alisema. Mawe yote ya kandokando ya njia yamepakwa chokaa, miti imepakwa chokaa hadi kiunoni, na lile shimo la aibu amelifukia jana kwa kokoto na kupanda maua juu, yanasomeka KARIBUNI. Nikamkumbusha kwamba wageni wanakuja kuliangalia shimo, na nilishamwambia mara nne. Akasema ndiyo maana amelitengeneza.

Tuliondoka na koasta moja, wasomi ishirini na wawili. Wengine thelathini na tisa waliugua ghafla wakabaki hotelini kupata nafuu kabla ya kreta. Kilomita moja kabla ya shule, koasta ilizama kwenye tope hadi ngazi ya mlango. Tukashuka tukatembea. Mbele kuna mfereji unaokatiza njia, ule wa kuchukua maji ya mashamba ya juu, na siku zote una daraja la magogo manne. Leo magogo hayakuwepo. Dorkasi na wenzake wawili walikuwa wametumwa kutupokea, wamesimama ng'ambo. Wakatueleza kwa heshima kwamba Mkuu aliyachukua jana, ndizo nguzo za turubai la wageni.

Mfereji ni mwembamba, mtu mzima akikazana anauvuka kwa mruko mmoja. Maji yalikuwa ya kahawia, hadi gotini, yakienda kasi. Ng'ambo kulikuwa na shule, na kutoka shuleni ilikuja harufu ya pilau. Wataalamu ishirini na wawili wa namna binadamu anavyojifunza stadi wakajipanga ukingoni kuyatazama maji. Mmoja akasema hili ni jambo la kuvutia sana. Hakuna aliyeruka.

Sylvesta akaona nafasi yake. Alipuliza filimbi, akamweka Dk. Beatrice wa kwanza, akampa mguu wa kuanzia, goti, kiwiko, kidevu na pumzi. Dk. Beatrice ni mtu makini, alivifuata vyote, nilimwona midomo ikihesabu. Alitua katikati. Dorkasi na wenzake walimvuta ng'ambo akiwa amelowa hadi kiunoni, fomu zake kaziinua juu ya kichwa, kavu kabisa. Wa pili alipewa maelekezo yale yale na mfereji ukampokea vile vile. Sylvesta akaishusha filimbi.

"Mwalimu," akaniambia taratibu, "hebu njoo wewe."

Niliwaomba waliobaki wageuke waangalie njia tuliyotoka, na wazungumzie jambo lolote wasilolifundisha chuoni. Wakaanza kubishana kama kesho tutaona faru. Nikamgusa mmoja begani, nikamwambia pilau iko kule, na mimi nikageuka. Akavuka. Nikamgusa mwingine. Katika robo saa walivuka kumi na tisa, na Sylvesta nyuma yao, kila mmoja akitangaza akiwa ng'ambo kwamba kumbe ni padogo tu.

Akabaki Profesa Sairowua. Nikamwambia pilau iko kule. Hakusogea.

"Mwalimu," akasema kwa sauti ya chini, "mimi sijawahi kuruka."

Nilidhani ananitania. Akanieleza kwamba alipelekwa bweni akiwa na miaka saba, na tangu siku hiyo kila alikokwenda, chuoni, harusini, mikutano ya nje, watu wakisikia ni Mmasai wanatengeneza duara na kusubiri aruke. Hajawahi kuruka hata siku moja. Ndipo akaanza kusomea jinsi watu wengine wanavyoruka. Hata pale, ng'ambo ya mfereji, simu zilikuwa zimeshainuliwa.

Nilimhurumia kuliko nilivyowahi kumhurumia mwanafunzi. Nikatumia sauti yangu ya mstarini na kuwaamuru wote ng'ambo wageuke. Maprofesa na madaktari wakageuka kwa pamoja. Sylvesta akageuka, Dorkasi akageuka, na mimi nikageuka wa mwisho, nikamwambia hakuna haraka na sitamwuliza kitu.

Ilichukua muda. Nilisikia viatu vikirudi nyuma, vikasimama, vikarudi tena. Kisha ikaja sauti moja kubwa. Nilipomsikia akikohoa ng'ambo ndipo nikatazama. Alikuwa amevuka, miwani mkononi, akicheka peke yake kama mtoto. Hali ya suruali yake sitaiandika hapa. Nami nikavuka. Nina miaka hamsini na mbili na nashukuru hakuna aliyenitazama.

Profesa akasema onyesho lifanyike hapo hapo, kabla ya pilau. Dorkasi akauvuka mfereji mara saba kwa mbio, kwenda na kurudi, wataalamu wote wakiwa wamempa mgongo kwa amri yangu. Dk. Beatrice aliikamua sketi yake, akachukua kalamu, na kwenye nafasi ya onyesho akaandika: Limesikika.

Jumamosi, 23 Novemba

Kreta. Washiriki wote sitini na mmoja, hakuna mgonjwa. Ukungu ulifunika kila kitu hadi saa saba. Tumeona gari lililokuwa mbele yetu.

Jumatatu, 2 Desemba

Barua ya kamati imefika. Nimetambuliwa kuwa kocha kwa mwaka mmoja wa majaribio. Pembeni Profesa ameongeza kwa mkono kwamba ninachokifanya kina jina la kitaalamu, akaliandika, limechukua mistari miwili. Kuna sharti moja: kwa ajili ya usalama, kocha asimame kando ya shimo la maji kila mara mchezaji wake anaporuka. Emilian anasema nitakuwa kocha pekee nchini mwenye cheti cha kugeuka.

Jumamosi, 7 Desemba

Mashindano ya mkoa.

Nilisimama pale barua inaposema, kitambulisho kipya shingoni, uwanja wote nimeupa mgongo. Mbele yangu kulikuwa na ukuta na mlango wa choo cha wanaume. Mwamuzi alikuja mara mbili kunielekeza mbio ziko upande gani. Sylvesta, ambaye mchezaji wake alikuwa ameshakimbia, alikuja kusimama nami, naye akaupa uwanja mgongo bila kuombwa na bila kupuliza filimbi. Hilo sitalisahau.

Maji huvukwa mara saba. Nilihesabu mimi ili yeye asihesabu. Walikuja kwa kundi, miguu mingi kwa pamoja, nami nikiutafuta mmoja tu. Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwenye ya nne mtu alianguka na nikamshika Sylvesta mkono kwa nguvu, lakini akasikika msichana mwingine akilia, si wangu. Kwenye ya sita nilisikia wamebaki wawili mbele, wangu mmoja wao. Kwenye ya saba nilisikia mguu mmoja juu ya kiunzi, maji mara moja, halafu jukwaa lote likapiga kelele na sikusikia tena kitu. Shingo iliniuma kwa kutaka kugeuka. Sikugeuka.

Amekuwa wa pili. Yule mwingine alimpita mita ishirini za mwisho, mahali pasipo na maji. Wawili wa kwanza wanakwenda taifa.

Alinijia akihema, amelowa mguu mmoja. Nikamwambia nimezisikia zote saba na zilikuwa safi. Akaangalia chini akivuta ukingo wa jezi, nikajua ana neno. Nikamwambia alitoe tu, sitaki kuitikiwa.

"Madam, mruko ule wa mwisho ungeangalia tu. Nilikuwa nimeshaacha kuhesabu. Nilitaka uone."

Msimu mzima nimepigania kusimama pale, na nilichokipigania kimepita nyuma yangu mara saba. Machozi yalinitoka waziwazi, na yule mwamuzi akaja kuniambia kwa upole kwamba mbio zimekwisha.

Dorkasi hakungoja niseme. Wafanyakazi wa uwanja walikuwa wameanza kuokota viunzi, akawaomba wakiache kile cha kwenye maji kwa dakika moja. Alivua viatu akarudi nyuma hatua thelathini, akaja peku, amechoka, mbele ya jukwaa lililokuwa limeshaanza kutawanyika. Nilisimama wima nikamkodolea macho. Akaruka. Mkono wa kushoto ulikuwa chini mno na kidevu kilikuwa kimeinama. Niliyaona yote mawili na sikusema.